Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa: Itikadi na Uhai Katika Ufipa

(Maelezo ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na walimu wa Sumbawanga)



Lipo swali ambalo wataalamu wa nchi za Magharibi wamekuwa wakiliuliza kwa muda mrefu, na ambalo masikioni mwa mkulima wa Ufipa laweza kusikika kama mchezo wa watu walioshiba. Swali lenyewe ni hili: je, siasa anayoiamini mtu huongeza au hupunguza umri wake? Mwenye kuamini usawa huishi zaidi kuliko mwenye kuamini kwamba kila mtu abebe mzigo wake peke yake? Yule anayeridhika na dunia kama ilivyo, na yule asiyepata usingizi kwa kutaka kuibadili, ni nani atakayemzika mwenzake?

Huko Marekani majibu yametolewa mengi, na mengine yanapingana. Wapo wachunguzi walioona kwamba watu wa mrengo wa kihafidhina, wakiulizwa habari za afya zao, hujieleza kuwa wazima kuliko wapinzani wao. Lakini mtu akiacha kusikiliza maoni na kuanza kuhesabu vifo, sura ya mambo hubadilika. Mwaka 2022 jarida la madaktari wa Uingereza liitwalo BMJ lilichapisha hesabu za vifo katika wilaya za Marekani tangu mwaka 2001 hadi 2019. Katika wilaya zilizokipigia kura chama cha Democratic, kiwango cha vifo kilipungua kwa asilimia 22. Katika zile zilizokipigia chama cha Republican kilipungua kwa asilimia 11 tu. Mwanzoni mwa kipindi hicho pande hizo mbili zilikuwa karibu sawa.

Je, ni kadi ya chama iliyomo mfukoni ndiyo iliyowaponya hawa na kuwaua wale? La hasha. Wilaya hizo zinatofautiana kwa mapato, kwa elimu, kwa sheria za tumbaku, kwa bima ya matibabu na kwa umbali wa kuifikia hospitali. Kura haitibu homa. Kilichotokea ni kwamba watu wa mahali fulani, kwa imani yao, walichagua mambo fulani yafanyike na mengine yasifanyike, na mambo hayo ndiyo yaliyoingia katika miili ya watu, wakiwamo wale ambao hawakupiga kura kabisa. Mtoto mchanga hana chama, lakini hunywa maji ya kisima kilichochimbwa, au kilichoachwa kuchimbwa, kwa uamuzi wa siasa.

Kwa hiyo swali limeulizwa kwa upande usio wake. Linalofaa kuulizwa ni hili: imani iliyo kichwani mwa watu imejenga nini nje ya mlango wa nyumba? Na kwa swali hilo hapana haja ya kwenda Marekani. Uwanda wa Ufipa, tangu Sumbawanga hadi Nkasi na Kalambo, unatosha kuwa darasa.

Kabla ya kuingia Ufipa, uko ushahidi mmoja wa kigeni ambao mtumishi yeyote wa Serikali anapaswa kuufahamu, kwa sababu unamhusu yeye mwenyewe. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, madaktari mjini London walianza kuwachunguza wanaume wapatao 18,000 waliokuwa watumishi wa Serikali ya Uingereza, tangu wakuu wa idara hadi matarishi na walinzi wa milango. Hawa hawakuwa maskini wa kulala njaa. Wote walikuwa na mshahara wa kila mwezi, wote walifanya kazi chini ya paa, na wote waliweza kutibiwa bila malipo katika nchi yao. Hata hivyo ilionekana, baada ya miaka kadhaa, kwamba wale wa daraja la chini kabisa walikuwa wakifa kwa kiwango cha mara tatu hivi ya wale wa daraja la juu. Na si wa chini dhidi ya wa juu tu: kila ngazi ilikuwa na vifo vingi kuliko ngazi iliyo juu yake. Sigara na shinikizo la damu zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Bwana Michael Marmot, ambaye ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, ameshikilia kwamba mtu asiye na sauti juu ya kazi yake na maisha yake huchakaa upesi.

Siku ambazo madaktari wale walikuwa wakipima damu za makarani wa London, hapa nchini TANU ilikuwa imekwisha tamka, tarehe 5 Februari 1967, kwamba binadamu wote ni sawa na kwamba kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha. Walioandika Azimio hawakuwa wakizungumza habari za moyo na mishipa ya damu. Walizungumza habari za heshima. Lakini ikiwa uchunguzi wa London una ukweli, basi heshima nayo ni dawa, na kuivunja ni aina ya ugonjwa. Mkuu wa ofisi anayemfokea tarishi mbele ya wageni na afikirie jambo hilo.

Sasa turudi Ufipa, ndugu walimu.

Mji wa Sumbawanga, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, umebeba siasa ya afya katika jina lake. Wenyeji husema kwamba jina hilo linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya kuutupa uchawi: mgeni aingiaye na auache uchawi wake nje. Jina hilo ni zaidi ya hadithi ya kuwafurahisha watalii. Kila jamii inapaswa kujibu kwa nini watu wake wanakufa, na jibu lake huamua nani atalaumiwa na nini kitafanywa. Anayeamini kwamba mtoto ameuawa na jirani atamtafuta jirani. Anayeamini kwamba mtoto ameuawa na maji atakitafuta kisima. Hiyo ni tofauti kubwa ya siasa kuliko nyingi zinazobishaniwa majukwaani.

Mnamo mwaka 1963 na 1964, Uhuru ukiwa bado mchanga, vikundi vya kamchape vilipita katika vijiji vya Ufipa. Chimbuko la desturi hiyo ni Nyasaland ya miaka ya 1930, ambako iliitwa mchape. Vijana walikuja na dawa zao, wakakusanya watu, wakapekua pembe na vibuyu, wakatangaza kijiji kuwa safi. Msomi wa Kiingereza, Bwana Roy Willis, aliyekuwa Ufipa miaka hiyo, aliandika habari zake mwaka 1968. Wengi wa walioshukiwa walikuwa wazee. Ni kosa kuwacheka wanakijiji wale. Walikuwa wakitaka kitu ambacho kila chama cha siasa huahidi, yaani kuanza upya, katika nchi isiyo na kifo cha mapema. Walichokosa ni kujua adui yuko wapi. Na adui, wakati kamchape ikipekua vibuyu, alikuwa akielea ndani ya mtungi wa maji.

Hapo ndipo ilipo thamani ya kazi iliyofanywa mwaka 1973. Wazee wa leo wanaikumbuka: Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12, vikundi vya kujisomea vilikutana nchi nzima, kila kikundi na redio yake, kijitabu chake na kiongozi wake. Ilitarajiwa kwamba watu milioni moja wangejiunga. Wakajiunga wapatao milioni mbili, katika nchi ambayo katika sensa ya 1967 ilikuwa na watu milioni 12 tu. Yalifundishwa mambo ya malaria, minyoo, kichocho, kuhara, kifua kikuu na maji. Redio iliposita, mjadala ulianza, na mjadala ulipokwisha majembe yalichukuliwa. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu na maelfu. Madimbwi yakafukiwa, majani kando ya nyumba yakafyekwa.

Ni vizuri kuona kwa nini kampeni hiyo ilifaulu pale ambapo amri nyingi za mabwana afya wa kikoloni zilishindwa. Mkoloni naye aliamuru vyoo vichimbwe, akatoza faini. Watu wakachimba mashimo ya kumwonyesha mkaguzi, wakaendelea kwenda porini. Mwaka 1973 choo hakikuwa cha mkaguzi. Kilikuwa cha kikundi kilichokaa, kikabishana, kikaamua. Bwana Willis ameandika kwamba Wafipa ni watu wanaothamini hoja na kazi ya pamoja. Kwa watu wa namna hiyo kampeni ya majadiliano ilikuwa kama mbegu iliyopata tuta lake. Na elimu ya watu wazima ilikwenda sambamba. Wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 ya watu wazima mwaka 1967. Ilipofika 1986 walihesabiwa kuwa asilimia 10 hivi. Mama anayeweza kusoma kadi ya kliniki ni kinga ambayo haihitaji jokofu.

Matokeo hayakuwa madogo. Sensa zinaonyesha kwamba umri wa kuishi, ambao mwaka 1967 ulikuwa zaidi kidogo ya miaka 40, ulifika 50 mwaka 1988. Halafu ukasimama. Mwaka 2002 ulikuwa 51, kwa sababu katikati UKIMWI ulipita, na uchumi ulikuwa umeyumba kiasi kwamba Serikali, kuanzia mwaka 1993, iliwataka wagonjwa wachangie gharama za matibabu. Mwaka 2012 umri ulifika 62. Mtu asiseme, basi, kwamba siasa yote ya miaka ile ilikuwa maneno matupu. Wako watu wanaotembea leo mitaani Sumbawanga ambao wasingefikisha miaka mitano.

Lakini asiseme pia kwamba kila lililofanywa kwa jina la imani hiyo lilileta uhai. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kwamba kazi ya kuhamia iwe imekwisha mwishoni mwa 1976. Wafipa wengi walikuwa tayari wakiishi katika vijiji vilivyosongamana tangu zamani, kwa hiyo mshituko wao ulikuwa mdogo kuliko wa mikoa iliyozoea kutawanyika. Hata hivyo kanuni ni moja kila mahali: kijiji kinachokusanya watu kabla ya kupata maji hukusanya na maradhi yao. Kipindupindu kilipoivamia nchi kwa nguvu mwaka 1977, hakikuuliza kama kijiji kimeandikishwa au la. Kiliuliza maji yanatoka wapi.

Sasa yaja jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo haya, na ambalo halipendezi kusemwa katika mkoa unaojivunia mavuno yake.

Mwezi Mei 1972, mjini Iringa, TANU ilitoa mwongozo ulioitwa Siasa ni Kilimo. Mwaka uliofuata ukaja wito wa Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ukaja wa tatu, Chakula ni Uhai. Nyito tatu katika miaka mitatu, zote njema. Ufipa iliusikia ule wa kwanza kwa moyo wote. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, ulikuwa umekatwa kutoka pembe za mbali za Mbeya na Tabora, mahali ambapo mfanyabiashara alifikiri mara mbili kabla ya kutuma lori. Ndipo itikadi ya usawa ikafanya jambo ambalo soko lisingelifanya: Serikali ikaweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Gunia la Sumbawanga likanunuliwa sawa na gunia la jirani wa Dar es Salaam, na gharama ya safari ikabebwa na Taifa. Mbolea ikaletwa kwa ruzuku. Katika muda mfupi Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, ghala la Taifa.

Mabadiliko hayo yalibadili sahani. Babu wa Mfipa alilima ulezi na maharage kwenye matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, akizika majani chini yake yaoze na kurutubisha udongo. Ugali wake ulikuwa mweusi. Mahindi yalikuja na bei, yakaja na mnunuzi, yakaja na mashine ya kukoboa. Ugali ukawa mweupe. Mweupe ni mzuri machoni, na ni alama ya maendeleo mbele ya mgeni, lakini ulezi una madini ya chuma na chokaa kuliko mahindi, na mahindi yakikobolewa hupoteza sehemu kubwa ya hata kile kidogo yalichokuwa nacho. Uji wa mtoto uliotengenezwa kwa sembe na maji hujaza tumbo na kuuacha mwili ukiwa na njaa.

Hakuna aliyekusudia hivyo. Ila hesabu iliyoulizwa na wakubwa ilikuwa ya magunia. Bwana Shamba aliulizwa magunia, katibu aliulizwa magunia, mkuu wa wilaya aliulizwa magunia. Mtoto hakuwa na safu katika taarifa.

Matokeo ya jambo hilo yamepimwa. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016, watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa katika Mkoa wa Rukwa walikuwa asilimia 56, idadi kubwa kuliko ya mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 34. Mwaka 2018 wakawa asilimia 48. Uchunguzi wa mwaka 2022 ukakuta tena karibu asilimia 50, wakati wastani wa nchi umeshuka hadi 30. Mikoa iliyosimama pamoja na Rukwa kileleni mwa orodha hiyo ni Iringa na Njombe. Yaani watoto wa ghala la Taifa ndio waliodumaa kuliko wote. Watoto wa mikoa yenye ukame, ambayo hupokea mahindi ya Sumbawanga, wanakua vizuri kuliko watoto wa yule aliyeyalima.

Kudumaa si kuwa mfupi kwa asili. Ni mwili ulionyimwa kukua katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi mwaka wa pili, na ubongo hunyimwa pamoja nao. Mtoto wa namna hiyo hafanani na mgonjwa. Anacheza, anacheka, anachunga ndama. Na kwa kuwa jirani yake naye ni hivyo hivyo, hapana anayeshituka. Mwalimu wa darasa la tatu ndiye wa kwanza kuona kitu, naye mara nyingi hukiita uvivu, au kichwa kizito. Mwenye kudumaa utotoni huelekea kujifunza kwa shida na kupata kipato kidogo. Na msichana aliyedumaa yuko katika hatari zaidi anapojifungua, na huelekea kuzaa mtoto mdogo, ambaye naye huanza mbio akiwa nyuma.

Je, chakula hakipo? Kipo. Maharage yapo, na ng'ombe wapo, ndio wavutao majembe. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hutoka Kirando na Kasanga, samaki wa Ziwa Rukwa hupandishwa kutoka bondeni. Kinachokosekana ni mambo mengine. Mama wa Kifipa huenda shambani na mapema, hurudi na kuni, huchota maji. Mtoto wa miezi minane huachwa kwa dada yake wa miaka saba na bakuli la uji uliopikwa asubuhi. Fedha ya mahindi huingia mara moja kwa mwaka, na mara nyingi mkono unaoipokea sio unaopika. Maziwa, mayai na maharage hupelekwa sokoni kwa kuwa vina bei. Na kuhara kwa mara kwa mara humwaga hata kile kidogo kilicholiwa, jambo ambalo lilikwisha elezwa redioni mwaka 1973.

Wenye kusema kwamba hayo ni mambo ya jikoni, na kwamba siasa haihusiki, na watazame walivyofanya majirani. Katika miaka ya 1980 ulianzishwa mkoani Iringa mpango wa lishe uliosaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya afya, kwa fedha za Italia. Ulianza na vijiji 168. Msaada wenyewe haukuwa ndio ajabu. Ajabu ilikuwa mizani. Watoto walipimwa uzito mara kwa mara katika siku ya afya ya kijiji, na majibu hayakufungiwa zahanati. Yalipelekwa mbele ya serikali ya kijiji, yakajadiliwa: fulani amepungua, kwa nini, na nani atafanya nini kabla ya mkutano ujao? Kutoka kijiji yalipanda hadi kata na wilaya, na viongozi walipaswa kuyajibu kama walivyojibu habari za mavuno. Utapiamlo mkali, ambao mwaka 1984 ulikuwa asilimia 6.3 ya watoto, ulishuka hadi 1.8 mwaka 1988. Wataalamu wa lishe kutoka nchi nyingi walikuja kujifunza.

Na bado, mwaka 2022, Iringa hiyo hiyo ilikuwa na watoto asilimia 57 waliodumaa. Ni kweli kwamba uzito na urefu ni vipimo viwili tofauti, na asiyejua hilo asiviweke kwenye mizani moja. Lakini hapana shaka kwamba kilichojengwa miaka ya 1980 hakikulindwa. Mizani ilirudi zahanati, ikawa mali ya muuguzi. Mkutano wa kijiji ukarudi kwenye michango na mipaka ya mashamba. Imani iliyokuwa imegeuka kuwa desturi ilirudi kuwa kauli.

Imani yaweza pia kuingia mahali isipotakiwa. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofika nchini, takwimu zilitangazwa hadi wagonjwa 509 na vifo 21, kisha zikakoma mwezi Mei. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, kuvaa au kutovaa barakoa kulisomwa na wengi kama tamko la upande gani mtu anasimama. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani jijini Dar es Salaam, na jambo likarudi kuwa la kitabibu. Marekani nako, wachunguzi wa vifo vya Florida na Ohio waliona kwamba baada ya chanjo kupatikana kwa wote, wafuasi wa chama kilichoishuku zaidi ndio waliozidi kufa. Virusi havina itikadi. Vinanufaika tu na itikadi ya mwenyeji wao.

Kwa Rukwa ya leo, yenye watu zaidi ya milioni moja na nusu, mambo yanayohitajika hayana siri. Mwaka 2022 wakuu wa mikoa walitia sahihi mkataba wa lishe na Rais, na halmashauri zimetakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yao wenyewe. Shilingi elfu moja ni bei ya soda. Mhasibu wa halmashauri anajua kama fedha hizo zilitengwa. Anajua pia kama zilitolewa, jambo ambalo ni tofauti kabisa. Afisa kilimo anajua ni nani katika kata yake bado analima ulezi, na kama mbegu ya maharage inaletwa kwa bidii ile ile inayoletewa mbolea ya mahindi. Mwalimu mkuu anajua ni watoto wangapi hukaa hadi saa nane mchana bila kula, katika shule iliyozungukwa na mahindi.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ajenda zake zinajulikana: pembejeo, mavuno, ushuru, barabara, ujenzi wa darasa, ulinzi wa jadi. Hakuna sheria inayozuia ajenda moja zaidi, ya idadi ya watoto waliopimwa urefu katika miezi hiyo mitatu, waliokutwa wamedumaa, na vitongoji wanavyotoka. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu kutoka Dodoma wala semina ya siku tatu. Imo katika daftari la kliniki, ndani ya zahanati, hatua chache kutoka ofisi ya mtendaji wa kijiji.